Chupa Arobaini za Kisima Kimoja

Vijana wangu, naandika haya nikiwa na hasira, na naomba asiwepo wa kunipoza mpaka nimalize.

Juzi alikuja kijana mmoja hapa mtaani kwetu Ushirombo. Fulana ya mradi, buti safi, kishikwambi mkononi. Alikuwa anapima maji ya visima vya kata nzima. Jirani yangu akamwekea kiti barazani, akamletea soda na karanga, kisha mabinti wa nyumba ile wakapewa chupa tupu wakamchotee. Mimi nilikuwa upande wangu wa ua napepeta mchele. Nilipepeta mpaka makapi yakaisha na bado napepeta, maana macho yalikuwa kwake. Mwishowe nikaweka ungo chini, nikavuka ua.

"Shikamoo, mama," akasema, na akainuka kabisa kwenye kiti. Kijana ana adabu, hilo simnyimi.

"Marahaba. Chupa zako ziko wapi?"

"Mabinti wamezipeleka visimani."

"Visima vipi?"

"Vya mtaa, mama. Vyote."

"Wewe umeviona?"

Akatabasamu vile mnavyotutabasamia sisi bibi zenu tukiuliza habari za simu. "Usiwe na wasiwasi, mama. Sampuli yetu ni kubwa."

Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu mtaa huu una watoto wanaojiandaa na kipaimara. Lakini ninyi mnaosoma takwimu vyuoni, mliokariri kwamba sampuli ikiwa kubwa mambo yote yananyooka, kaeni chini mnisikilize. Mimi ni Mama Shija. Nilifanya kazi katika maabara ya maji tangu nikiwa binti mpaka nywele zilipogeuka, kwanza Shinyanga, halafu huku kwenye ukanda wa dhahabu. Kazi yangu ilikuwa kupokea chupa, kupima, na kusema kilichomo. Nimeiona sampuli kubwa ikifanya ubaya ambao sampuli ndogo isingeuweza, na mtu aliyebeba ubaya huo ninamfahamu kwa jina.

Nianze na mwalimu wangu, maana bila yeye nisingejua hata cha kukasirikia.

Aliitwa Bi Veneranda, mkuu wa maabara yetu ya kwanza. Mwanamke mfupi, msomaji wa masomo kanisani siku ya Jumapili na msomaji wa makosa yetu siku zilizobaki. Kuna asubuhi alituletea gunia la choroko lililochanganywa na kunde, akalisimamisha katikati ya maabara. Akampa kila mmoja wetu kikombe cha kahawa. "Teka kikombe kimoja," akasema, "uhesabu, uniambie katika kila punje mia, kunde ni ngapi."

Tukateka, tukahesabu. Kila mtu akaja na jibu lake. Tukaanza kubishana kama wapiga debe wa stendi. Huyu anasema mwenzake hajui kuhesabu, yule anasema kikombe cha mwenziwe kina pengo. Bi Veneranda akatuacha tuchoke, ndipo akasema hakuna aliyekosea. Gunia ni moja, ukweli wake ni mmoja, lakini kila kikombe kinautamka kwa namna yake. Akachora mstari ubaoni, akaweka alama ya kila jibu mahali pake. Tukarudia kuteka, na kurudia, mpaka alama zikaanza kujenga kichuguu: katikati zimerundikana, pembeni chache, mbali kabisa moja moja za kupotea njia.

"Hicho kichuguu," akasema, "ndicho mgawanyo wa sampuli. Si picha ya gunia. Ni picha ya majibu ambayo gunia lingeweza kukupa. Wewe siku ya kazi utateka kikombe kimoja tu, na hutajua umesimama wapi kwenye kichuguu. Kwa hiyo ukisema jibu, sema na upana wake, usijifanye umeongea na Mungu."

Kisha akatupa makopo makubwa ya maziwa badala ya vikombe. Kichuguu kikawa chembamba, majibu yakasogeleana. Hapo ndipo ninyi mnapopapenda, si ndiyo? Sampuli kubwa, majibu yanashikamana. Na hata hapo mnadanganyika kidogo, maana ukitaka upana wa kichuguu upungue nusu, hutateka punje mara mbili, utateka mara nne. Wengi wenu mnaahidi wafadhili nusu kwa gharama ya mara mbili.

Lakini Bi Veneranda alikuwa hajamaliza. Aliwaamuru vijana wawili wenye nguvu walitikise gunia, walitikise hasa, kisha tuteke kwa makopo yaleyale, ila juu juu tu, bila kuzamisha mkono. Tukateka. Majibu yakashikamana vizuri kuliko mara zote. Kichuguu kikawa kama kidole. Tukafurahi, tukapiga makofi. Mwanamke yule akatuangalia kwa dharau ambayo mpaka leo naihisi mgongoni.

"Mnapiga makofi nini? Ukitikisa gunia, punje kubwa zinapanda juu. Mmehesabu kunde za juu. Majibu yenu yanakubaliana, na yote ni ya uongo." Akachukua chaki, akaonyesha ukweli ulipokuwa, mbali kabisa na kile kidole chetu. "Kukubaliana si kusema kweli. Wezi nao wanakubaliana."

Mezani kwangu nilikaa na maneno hayo miaka mingi. Sikuwahi kudhani kwamba siku moja ningeyaona ndani ya chupa za maji.

Sasa niwaeleze jambo la ukanda huu, kwa wale mliosomea mbali. Mwamba wenye dhahabu mara nyingi haukai na dhahabu peke yake. Ndani yake kuna sumu iitwayo aseniki. Mwamba ukivunjwa na maji yakatuama humo, sumu inatoka pole pole. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, na ukichemsha maji haiondoki. Na haikai kila mahali. Kisima hiki safi, cha pili yake kwa umbali wa kumwita mtu kina balaa. Ndiyo maana katika nchi hii kupima kisima kimoja ukasemea kingine ni sawa na kupima ujauzito wa jirani.

Kulikuwa na kitongoji, nitakiita Igumo, upande wa Mwakitolyo. Watu wa ng'ombe na pamba tangu zamani, na tangu dhahabu ilipoonekana, watu wa maduara pia, yaani mashimo ya kuchimbia. Muuguzi wa zahanati yao alianza kuona watu wenye madoa kwenye ngozi na viganja vinavyokakamaa. Akaandika kuomba maji yapimwe. Ofisi yetu ikamtuma Deo, kijana mwenye diploma yake, mchangamfu, mpenda kuimba. Akaenda na masanduku, akarudi na chupa arobaini. Kila chupa ina jina la kisima, mwandiko mzuri kama wa mwalimu wa chekechea.

Nikazipima. Zote salama.

Mkuu wetu wa kazi akafurahi. Chupa arobaini kwa kitongoji kimoja, nani amewahi kufanya kazi ya namna hiyo? Taarifa ikaandikwa, ikapelekwa, mwenyekiti akaisoma mbele ya mkutano: maji ya Igumo ni salama. Watu wakapiga vigelegele, wakaenda nyumbani kunywa. Haya yote yalifanyika ndani ya siku chache, upesi ambao sijauona ofisi ile ikiufanyia jambo lolote lenye faida.

Mimi nikabaki na majibu yangu, na kuna kitu kikinikwaruza. Yalikuwa yanafanana mno. Visima vya mbugani huwa na chumvi, vya kwenye mawe havina. Cha kina kifupi hakilingani na cha kina kirefu. Lakini hapa, kisima cha mbugani na cha mlimani, chumvi ileile. Nikachukua chupa moja nikaipima mara kadhaa, kuona mashine yangu yenyewe inatetereka kiasi gani. Tofauti ya chupa ile na nafsi yake ilikuwa sawa na tofauti ya chupa zote arobaini. Visima vya kweli havifanyi hivyo. Visima vya kweli vinatawanyika. Nilikuwa naangalia kidole cha Bi Veneranda.

Nikamwita Deo. "Baba, hizi chupa ulizijaza wewe?"

"Zilijazwa, mama."

"Nimekuuliza nani kazijaza."

Akainama. Hakuwa mwongo, na ndiyo maana ilichukua muda kumkasirikia ipasavyo. Alifika Igumo, mwenyekiti Mzee Bundala akampokea kwa heshima. Kiti, ugali, kuku. Deo akasema anataka kwenda visimani. Mke wa mwenyekiti, Mama Limi, akashangaa: mgeni akachote maji, na wanawake wapo? Watu wangesema nini? Basi wanawake wakachukua chupa, Deo akala kuku, chupa zikarudi zimejaa, akatajiwa majina ya visima naye akaandika. Palepale mezani, na mchuzi kidoleni.

Mmeshaelewa. Mama Limi, kama nilivyokuja kusikia baadaye, alikuwa amewaambia wanawake jambo ambalo mama yeyote wa Kisukuma angelisema: mgeni hapelekewi maji ya hovyo. Wakaenda wote kwenye kisima cha nyumbani kwa mwenyekiti, chenye mfuniko na sakafu ya saruji, wakajaza chupa arobaini. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Waliona wanamtunzia mgeni heshima yake, na majina waliyomtajia yalikuwa majina ya kweli ya visima vya kweli. Chupa arobaini za kisima kimoja ni chupa moja, vijana. Mngeleta mia nne, ingekuwa moja, ila mngekuwa na uhakika zaidi wa uongo.

Nilikwenda kwa mkuu. Akasema bajeti ya Igumo imekwisha. Nikasema nitapanda bodaboda kwa hela yangu. Akasema taarifa imeshasomwa. Nikasema basi ikasomwe tena. Nadhani aliniruhusu ili nimwachie ofisi yake.

Mzee Bundala alinipokea kama alivyompokea Deo. Mwangaluka mayu, yaani umeamkaje mama, karibu mayu, kiti hiki hapa. Jikoni nasikia kuku analia. Nikasema asante, sitakaa, na kuku huyo aachwe aishi. Niliona uso wake ukibadilika. Kukataa kiti na chakula cha mtu wa Igumo ni tusi, na mimi nililitoa kwa makusudi nikiwa nimesimama uani kwake. Kama kuna anayedhani kazi ya sampuli ni hesabu tu, ajaribu siku moja kumnyima mzee nafasi ya kumkarimu.

"Naomba orodha ya visima, baba," nikamwambia.

Akanitajia. Visima vyenye majina, vya kujivunia. Nikamshukuru, na orodha yake nikaiweka mfukoni, nikalala kwa muuguzi wa zahanati. Alfajiri nikatoka nikasimama njia panda. Huu ni ufundi, ushikeni: orodha ya kuchagulia sampuli huipati kwa mwenyekiti wala ofisini. Fuata ndoo. Maji yananywewa yanakopelekewa ndoo, si yanakopelekewa mgeni. Nilifuata wanawake na wasichana kila upande, na kila nilipoona ndoo inazama nikaandika. Nikakuta visima ambavyo mwenyekiti hakuvitaja, vya uani kwa wachimbaji. Nikakuta na jambo ambalo hakuna mwenyekiti angelitaja mbele ya mtu wa serikali: watu wanateka maji kwenye maduara ya zamani yaliyoachwa. Shimo limechoka dhahabu, mvua na chemchemi zimelijaza, maji meupe, baridi, karibu na nyumba. Nani atatembea mpaka kwa mwenyekiti?

Nikagawa mafungu: vya mbugani, vya mawe, na maduara. Nikaandika vijikaratasi, nikavitia kwenye karai la kuoshea dhahabu, kila fungu na zamu yake, nikaomba mtu yeyote achomoe. Watu walikusanyika. Kura ikaangukia visima viwili vya ukoo wa mwenyekiti mfululizo, minong'ono ikaanza.

"Kura imependelea," mama mmoja akasema.

"Kura haina shemeji," nikamjibu. "Ukiipenda inapokupendeza tu, hiyo si kura, ni uchaguzi wako umeuvalisha kofia."

Nikajaza mwenyewe. Chupa isuuzwe kwa maji yaleyale yatakayoingia humo. Kama ni bomba, pampu kwanza mpaka yaliyolala kwenye mabomba yatoke. Andika palepale kisimani, na uandike kwenye chupa, si kwenye kifuniko. Tulikuwa na mwenzetu aliyeandika kwenye vifuniko. Maabara wakavifungua vyote, wakavisuuza pamoja, na shule moja ya bweni ikaarifiwa kwamba inakunywa maji ya lambo la ng'ombe, na wachunga ng'ombe wakapongezwa kwa usafi. Tulicheka, lakini mwalimu mkuu wa shule ile hakucheka.

Kwenye duara moja lililoangukiwa na kura nilimkuta Mama Kabula anateka maji, na binti yake Kabula, mwanafunzi wa darasa la tano, amebeba ndoo ndogo. Mtoto akaweka ndoo chini, akaja kunisalimia kama alivyofunzwa, goti kidogo na mkono.

"Shikamoo, mayu."

Niliushika ule mkono. Kiganja kilikuwa kigumu, kina vidutu vidutu, kama cha mchimbaji aliyeshika nyundo miaka mingi. Nimeshika mikono mingi ya watu wa kazi, na huyu hakuwa mtu wa kazi. Huyu alikuwa na kalamu ya risasi sikioni.

"Anasaidia kuponda mawe?" nikamuuliza mama yake.

"Hapana, mayu. Zahanati walimpa dawa ya fangasi. Anapaka."

"Amekunywa maji haya tangu lini?"

"Ndiyo maji yetu. Tangu anaanza kutembea."

Nilijaza chupa yangu, nikaifunga. Nikamwambia mama yule waziwazi: acha maji haya leo, chota kwa mwenyekiti hata kama ni mbali, mpaka nirudi na jibu. Akaweka ndoo kichwani, ndipo akanijibu, wala hakunijibu kwa ukali.

"Mayu, mlikuja mkasema maji ni salama. Yakasomwa mkutanoni. Sisi tukawaamini. Leo unasema mabaya. Kesho atakuja mwingine, atasema nini?"

Nikaandika jina la duara kwenye chupa yangu. Angalieni hasara ya sampuli mbovu inavyotembea: haikosei mara moja ikaisha. Inaua hata jibu zuri linalokuja nyuma yake. Mama Kabula hakuwa mjinga. Alikuwa na majibu mawili kutoka ofisi moja, moja limesomwa mbele ya watu na lina muhuri, jingine limetoka kwa mwanamke wa bodaboda aliyekataa hata kukaa. Mngekuwa yeye, mngeamini lipi? Akaondoka na ndoo yake, Kabula nyuma yake, maji yanamwagikia shingoni.

Majibu safari hii yalitawanyika kama visima vya kweli. Vya mbugani chumvi, vya mawe safi, cha mwenyekiti kizuri sana, Mungu ambariki na saruji yake. Maduara mengine yalikuwa na nafuu. Duara la Mama Kabula lilikuwa na aseniki kiasi ambacho nilipima, nikasafisha mashine, nikapima tena.

Nikampelekea mkuu. Akaangalia ukurasa, akaweka kidole kwenye jibu lile moja.

"Hili linaharibu wastani," akasema. "Ukilitoa, kitongoji kiko salama. Hata usipolitoa, ukigawa kwa visima vyote, wastani unakaribia kukubalika."

Vijana, nimezaliwa mpole. Waulizeni walionifahamu nikiwa msichana. Lakini nilisimama katika ofisi ile nikasema kwa sauti iliyofika kwa walinzi: "Hakuna mtu anayekunywa wastani. Kila mtu anakunywa kisima chake."

"Jibu moja linaweza kuwa bahati mbaya, Mama Shija. Wewe mwenyewe unafundisha hivyo."

Na hapo alikuwa sahihi, jambo lililoniudhi zaidi. Kikombe kimoja kinaweza kuwa cha kupotea njia. Lakini jibu la kupotea hulifuti, unarudi kuteka. Kwa nini zile chupa arobaini zilizompendeza hakutaka zirudiwe hata moja? Nikasema turudi, tupime maduara yote yanayonywewa, kila moja mara kadhaa, siku tofauti. Akasema ataangalia. Akaangalia mpaka mvua zikaja, mpaka pamba ikapandwa, ikachumwa. Mimi nikimwona kwenye korido nilikuwa namuuliza jambo lilelile, naye akaanza kupita mlango wa nyuma.

Hatimaye akahamishwa, akaja mwingine asiye na ndoa na taarifa ile ya kwanza. Tukarudi Igumo na Deo. Deo aliteka mwenyewe, suruali imekunjwa magotini, na Mzee Bundala akiguna pembeni kwamba serikali imewafundisha vijana kudharau wenyeji. Duara lile likarudia jibu lake kila siku tuliyolipima, na mengine mawili yakaungana nalo. Yakazungushiwa miiba na kufungwa, na bomba likachimbwa upande ule. Bomba lile nililipima kabla mtu hajanywa. Msimu mzima ulikuwa umepita, na Mama Kabula alikuwa ameendelea kuteka palepale, kwa sababu sisi ndio tuliomwambia ni salama.

Yule kijana wa kishikwambi, mtauliza. Baada ya maneno yangu mabaya akasema, "Lakini mama, mabinti hawawezi kunidanganya." Nikamwambia sijasema watakudanganya, nimesema watakuheshimu. Nikamnyanyua kwenye kiti. Jirani yangu alinikasirikia, mpaka leo salamu yake ina barafu. Nilimpitisha kijana yule nyuma ya nyumba, kwenye njia za ndoo, na kwenye kisima cha kwanza tulichofika hakukuwa na binti yeyote mwenye chupa, wala dalili kwamba amefika. Tuliporudi barazani, akamwaga zile ambazo mabinti walikuwa wamekwisha zijaza. Sijui kama atafanya hivyo kata inayofuata, ambako hakuna bibi wa kuvuka ua, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Maana jana nilipata mgeni. Binti mkubwa, mrefu, kitenge kizuri, ana duka lake la nguo Kahama. Alikuwa akipita Ushirombo kwa mambo yake, akaulizia nyumba ya Mama Shija wa maji. Ameniletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka kwa mama yake. Akapiga goti kidogo mlangoni, akasema shikamoo, ila mkono hakuutoa. Ulibaki ndani ya kitenge. Nikaufuata humohumo nikaushika, na kiganja bado ni kilekile. Hospitali walimwambia sumu imeacha kuingia, lakini kilichokwisha ota kitachukua muda, na sehemu nyingine pengine haitalainika. Anatakiwa kuangaliwa kila mara, isije ikageuka kuwa jambo baya zaidi.

Tukakaa. Mkwe wangu akaleta maji ya kunywa kwenye sahani, bilauri imefunikwa kwa kitambaa, kama anavyopewa mgeni wa heshima. Kabula akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, "Wabeja sana." Kisha hakunywa. Aliishika tu mapajani, akayaangalia yale maji, meupe, baridi.

"Samahani, mama," akasema taratibu. "Haya ni ya wapi?"

Mkwe wangu aligeuka haraka kunitazama, maana katika nyumba za kwetu mgeni haulizi hivyo. Nikainuka. Nikamwambia Kabula aiache ile bilauri, nikaushika mkono uleule, tukazunguka nyuma ya nyumba mpaka kwenye bomba letu, ambalo maji yake niliyapima mwenyewe. Nikapampu mpaka yaliyolala yakatoka. Ndipo akakinga kiganja, akanywa.